Ustadi wa Kuosha Gari Bila Kusuuza

Miongoni mwa kazi za nyumbani ambazo watu huzidharau ni kuosha gari, na katika namna zote za kuosha gari hakuna inayodharauliwa kama ile ya kuliosha pasipo kulisuuza, kwa maji yasiyofika hata nusu ya ndoo. Kwani mtazamaji aliyezoea kuona povu likichuruzika na mpira ukimwaga maji juu ya boneti hudhani kwamba mwoshaji wa namna hii ama ni mvivu, ama ni bahili. Mimi ninayeandika haya ni mkazi wa Mkunya, katika wilaya ya Newala, na rai yangu ni kinyume cha dhana hiyo: naiona kazi hii kuwa sanaa kamili, yenye kanuni zake na adabu zake, tena sanaa iliyostahili kuenziwa huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde kuliko mahali pengine popote.

Sababu yake ni maji. Uwanda huu hupanda hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayoushukia si haba. Lakini ardhi yake ni ya kichanga, na mawe yaliyo chini yake, ambayo mwanajiolojia wa Kijerumani Wilhelm Bornhardt aliyachunguza mwishoni mwa karne ya 19 akayaita kwa jina la Makonde, hupitisha maji kwa wepesi, hata mvua ikisha kunyesha maji yake huzama upesi, yasifanye kijito wala dimbwi la kudumu, yakaenda kutokeza kwa chemchemi chini ya miteremko, mbali na nyumba za watu. Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu aliyetoka Leipzig akakaa Newala mwaka 1906, alistaajabu kuona watu wamejenga juu kwenye ukavu ilhali maji yako bondeni, akaeleza kwamba waliukimbilia uwanda kwa kutafuta salama mbele ya wavamizi. Gharama ya salama hiyo waliilipa wanawake, walioshuka na kupanda genge kwa kizazi baada ya kizazi, mtungi kichwani. Ilikuwa miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha maji kwa mitambo, na hadi leo chanzo chake kikubwa ni Mitema, katika bonde la Kitangari, ambako maji huvutwa ardhini na kusukumwa kupanda mamia ya mita kabla ya kufika bombani. Mitambo ikisimama, tunarudi kwenye kisima cha uani kilichojengwa kwa saruji kupokea maji ya mvua kutoka kwenye bati, na kwenye madumu yanayopita njiani juu ya baiskeli.

Mtu aliyekulia katika hali hiyo hawezi kuutazama mpira wa bustani, ambao kwa kawaida hutoa lita 15 hadi 20 kwa dakika moja, ukimwaga maji ardhini kwa robo saa kwa ajili ya gari moja, asione moyoni mwake kwamba pametendeka jambo lisilofaa. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa dereva wa lori la korosho, na lori lile alilipangusa kwa ndoo moja tu. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza, "Njomba, mbona hulimwagii maji likatakata mara moja?" Akanijibu bila ya kuinua macho kutoka kwenye kioo, "Mpwa wangu, maji haya dada yangu ameyapandisha kichwani. Nikiyamwaga chini, jioni nitamtazama kwa uso gani?"

Wala asidhani msomaji kwamba uchache wa maji ni dosari katika usafi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano, na mudi moja haitimizi hata lita. Wanavyuoni waliifanya habari hiyo kuwa hoja juu ya israfu, na mimi naiona kuwa hoja pia juu ya maana ya utakaso: kilichotakiwa ni maji yafike panapostahiki kufika, kwa mpango na kwa utulivu. Anayeosha gari bila kulisuuza hufuata kanuni hiyo hiyo, naye hana wingi wa maji wa kumsitiri akikosea. Yule mwenye mpira huweza kufanya kazi kwa mkono wa haraka, maji yakamfichia.

Sharti la kwanza ni kulijua vumbi. Vumbi letu ni jekundu kwa kutu ya chuma iliyomo, lakini kiini chake ni mchanga, na mchanga huo kwa sehemu kubwa ni chembe za jiwe gumu liitwalo kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanza na 1 kikaishia na 10, kwatzi ina daraja la 7, ilhali kioo cha kawaida hakifiki 6, na rangi ya gari pamoja na utando wake wa juu ni laini kuliko vyote viwili. Kwa hiyo dereva anayeamka alfajiri akachukua tambara kavu na kulipangusa gari kwa nguvu, kama wafanyavyo wengi katika stendi zetu, huburuta juu ya rangi maelfu ya patasi ndogo mfano wa zile za wachongaji wa mpingo, tofauti ikiwa kwamba patasi za wachongaji huongozwa na akili. Gari huonekana safi kivulini. Jua likilipiga saa sita mchana hutokea mikwaruzo ya mviringo iliyojaa boneti nzima, na rangi nyeusi iliyokuwa na mng'ao hugeuka kijivu kabla ya wakati wake. Dhuluma hii haifanywi na vumbi. Hufanywa na mkono usiokuwa na subira.

Basi mwenye ustadi huanza kwa kungoja. Hulisimamisha gari kivulini, chini ya mwembe kwa mfano, asubuhi, bodi ikiwa imepoa, kwani juu ya bati la moto maji hukauka kabla ya kufanya kazi yake. Huwa na ndoo yenye lita 5 au 6, chupa ya kupulizia iliyojazwa maji yale yale, na vitambaa kadhaa: taulo za mikrofaiba akizipata, au fulana kuukuu za pamba zilizofuliwa hata zikalainika, zilizokatwa mishono na vifungo. Hupulizia sehemu moja, tuseme nusu ya paa, kisha haigusi. Katika dakika hiyo ya kungoja, mwenye kutazama kwa makini ataliona vumbi likigeuka kutoka wekundu mpauko kuwa kahawia iliyokolea, na chembe zikiachana na rangi na kujikusanya kingoni mwa matone. Hapo ndipo kitambaa kilicholowa hulazwa juu yake bila ya kukandamizwa, maana uzito wa kitambaa chenyewe na wa kiganja kilicholegea watosha, kikavutwa kwa mstari mmoja kwenda mbele, kisirudishwe nyuma wala kuzungushwa. Kikifika mwisho huinuliwa, si kuburutwa, na uso wake hubadilishwa. Kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kisha kikageuzwa na kukunjuliwa kwa utaratibu, kina nyuso nane, na kila uso una safari yake moja. Uso uliokwisha kuchukua mchanga haurudi juu ya rangi. Nyuso nane zikiisha, kitambaa huwekwa kando kingoje kufuliwa, wala hakirudishwi ndoani, ili maji ya ndoo yabaki meupe toka mwanzo wa kazi hadi mwisho wake.

Hii ndiyo siri ya kutosuuza, nayo ni nyepesi kuisema kuliko kuitenda: uchafu hauondoki kwa kufukuzwa na maji, huondoka kwa kubebwa ndani ya kitambaa. Kitambaa cha pili, kikavu, hufuata nyuma mara moja kukausha mahali pale pale kabla ya mkono kuhamia pengine. Na mwendo wa kazi ni kutoka juu kwenda chini: paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, kisha nusu ya chini na bampa, ambako mchanga ni mwingi na mkali zaidi. Matairi na rimu huwa mwisho, tena kwa kitambaa chao wenyewe ambacho hakitagusa rangi maisha yake yote.

Katika maji yale hutiwa nini? Katika nchi za viwanda zimetengenezwa dawa mahsusi kwa kazi hii, na mojawapo ya zilizopata sifa ni Optimum No Rinse ya Marekani, iliyobuniwa na mkemia David Ghodoussi, ambayo sehemu yake moja hutiwa katika sehemu 256 za maji, yaani katika lita 6 hazitakiwi hata vijiko viwili vya chakula. Polima zilizomo huizunguka chembe ya mchanga na kuilainishia njia, iteleze pasipo kukwaruza, na zikikauka haziachi magadi juu ya rangi, kwa hiyo hakuna cha kusuuza. Ambaye dawa hiyo haipatikani dukani kwake atumie matone machache sana ya shampuu ya gari, kisha apitishe kitambaa kingine chenye maji matupu kabla ya kukausha; ila sabuni ya unga ya kufulia asiikaribie, maana ukali wake huondoa nta na kuacha ukungu. Na maji bora kwa kazi hii ni ya mvua, ambayo hayana chokaa, hivyo yakikauka hayaachi madoa meupe kama yale ya ardhini. Kisima cha uani, ambacho wageni kutoka mjini hukihurumia, kumbe kina maji ambayo mafundi wa kwingine huyatengeneza kwa mitambo ya kuchuja!

Lakini mtihani wa kweli wa ustadi huu kwetu ni salfa. Tangu ugonjwa wa ubwiri unga utambuliwe katika mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970, unga wa salfa umekuwa sehemu ya msimu wa kiangazi. Mikorosho ikitoa maua, mabomba ya injini hulia mashambani tangu alfajiri, na wingu la manjano hupanda juu ya miti na kutua penye kutua. Gari lililolala karibu na shamba huamka limefunikwa. Sasa salfa ina tabia moja inayomshangaza mgeni: haikubali maji matupu. Pulizia maji ya kisimani juu yake, utaona matone yakiviringika, kila tone limevaa ngozi ya manjano, na chini ya tone unga ungali mkavu kama ulivyokuwa. Anayepangusa hapo anapangusa kavu bila ya kujua, na unga unaoruka humwasha macho na kumkaba kifua. Tia kiasi kidogo cha dawa au shampuu ndani ya chupa, pulizia tena, na ngoja: matone hulegea, hutandaa, na manjano huzama ndani ya maji na kutulia. Sijui kazi nyingine ya nyumbani ambamo tofauti ya ujuzi na ujinga huonekana wazi namna hii, kwa jicho, kwa muda mfupi hivi.

Na mabibo nayo, yakiiva yakaangukia boneti, huacha maji yanayotia doa la kahawia. Doa hilo halisuguliwi. Hulazwa juu yake kitambaa kilicholowa, mtu akaendelea na mlango, akirejea hulikuta limekubali.

Ni haki niseme pia kwamba ustadi huu una mpaka. Gari lililopanda kutoka Masasi wakati wa masika, likabeba tope chini ya milango na ndani ya madigadi, halifai kuoshwa hivi, na anayejaribu hukosea sawa na mwenye tambara kavu; tope nene lazima limwagiwe maji lianguke kwanza. Hata hivyo wakati wa tope ndio wakati ambao michirizi ya bati inafurika na kisima kinamwaga, na wakati wa vumbi na salfa ndio wakati ambao kina cha kisima kinapimwa kwa kamba kila jioni. Tope limekuja na maji yake, na vumbi limekuja na uchache wake, hata sioni kwa nini mwaka mzima tuoshe kwa namna moja.

Wako wanaoniambia kwamba gari lisilosuuzwa halina utakato wa haki. Mimi huwaomba wapitishe taulo jeupe juu ya mlango niliomaliza, kisha wapitishe lingine juu ya mlango uliomwagiwa maji na kuachwa ukauke wenyewe, walinganishe. Na ningependa sana kuona vijana wanaoosha magari katika stendi za Newala na Masasi wakifundishwa kazi hii kwa utaratibu, katika vyuo vya ufundi kama VETA au hata chini ya mwembe tu, kwa kuwa mtaji wake ni ndoo, chupa na vitambaa vya kutosha, na kwa dumu moja la lita 20 kijana huosha magari matatu badala ya kushindwa kumaliza moja. Atakayependa kujifunza aje Mkunya asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, nami nitamwonyesha mlango mmoja yeye amalize yaliyobaki. Maji yapo, ila vitambaa aje na vyake.