Ramani ya Mtaala na Meza ya Mkutubi

Mwaka 1997 Heidi Hayes Jacobs wa Marekani alitoa kitabu kuhusu kuchora ramani ya mtaala: kila mwalimu aandike, mwezi kwa mwezi, anachokifundisha kweli, stadi anazozijenga na namna anavyozipima. Sisi wakutubi tuliipenda njia hiyo, maana ingetuonyesha ni lini mwanafunzi anahitaji kufundishwa kutafuta habari na kuzichuja.

Nami nilijaribu. Nilinakili maazimio ya kazi ya walimu, nikayaita ramani. Somo la kutumia faharasa na katalogi nikalifundisha Machi, kama maazimio yalivyosema. Wanafunzi walisikiliza kwa adabu, wakasahau. Insha yenyewe walipewa Julai, wakanijia na maswali yale yale.

Simlaumu Jacobs, twamfuata nusunusu. Yeye ataka kinachofundishwa, sisi twaandika kilichopangwa. Hata hivyo, ramani iliyo sahihi nayo ina upungufu wake: yaonyesha mwalimu amefika wapi, haionyeshi mwanafunzi amekwama wapi. Hilo mkutubi hulijua kwa kukaa mezani pake na kusikiliza anachoulizwa.