Komba kwenye Foronya: Rangi za Uzi na Mwelekeo wa Sindano

Komba aliyedariziwa vibaya hujulikana kwanza kwa macho. Yamekuwa vidoa viwili vyeusi visivyo na nuru, yamepandishwa juu mno kichwani, na mwili mzima umejazwa uzi wa kahawia uliolala upande mmoja tu. Mishono yaweza kuwa imenyooka, kitambaa hakijakunjamana, uzi ni wa bei kubwa, na bado mnyama hayupo. Mkono wa mdarizi hauna kosa hapo. Kilichokosewa ni maamuzi ya kabla sindano haijapenya kitambaa: nyuzi zipi zikae pamoja, mshono upi utumike wapi, na uelekee upande gani.

Komba anafaa kuchambuliwa kwa sababu ni mnyama wa hapa. Kuanzia mashamba ya minazi na miembe ya Bagamoyo hadi misitu ya Saadani, kilio chake usiku kinafahamika hata kwa wasiowahi kumwona. Tena hawako wa aina moja. Komba wa Unguja, licha ya jina lake, anaishi pia pwani ya bara, na manyoya yake yanakaribia rangi ya mdalasini, tumbo likiwa limepauka. Komba wa Garnett ni mkubwa zaidi. Ndani ya msitu wa Zaraninge, ulio sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyopata hadhi hiyo mwaka 2005, yupo komba mdogo wa Rondo, mmoja wa wanyama wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Mkia wake una manyoya yaliyosimama pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Kwa hiyo anayesema atadarizi komba bado hajaamua. Akishajua ni komba yupi, ndipo rangi na mishono vinapoanza kujipanga.

Kudarizi kwenyewe hakuna ugeni pwani. Kofia, kanzu na majoho yamedariziwa kwa vizazi, ila mapambo yake ni maua, vitone, mistari na maumbo ya pembe. Wanyama hawakai kwenye vazi la kuendea msikitini. Nafasi yao imekuwa kwenye foronya, vitambaa vya meza, vitambaa vya makochi na nguo za watoto. Hata hivyo, anayetaka kumdarizi mnyama vizuri ana mengi ya kujifunza kwa kofia. Ichukuliwe kofia nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mweupe. Rangi ni moja, lakini ua linaonekana wazi kabisa, kwa sababu uzi uliopanda juu unashika mwanga na tundu dogo kando yake linashika kivuli. Mshona kofia anachora kwa mwanga. Mdarizi wa komba naye afanye hivyo kwanza, ndipo afikirie rangi.

Sababu iko kwenye uzi. Uzi wa pamba wa kudarizi unang'aa kwa kuwa umepitishwa kwenye magadi makali ya kiwandani. Mwingereza John Mercer aligundua mwaka 1844 kwamba magadi hayo huibadilisha pamba na kuifanya ishike rangi zaidi. Miaka ya 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba uzi ukivutwa ukiwa ndani ya dawa hiyo hutoka na mng'ao. Mng'ao huo una upande. Mishono iliyolala wima na mishono iliyolala mlalo, hata ikitoka kwenye uzi uleule, machoni huwa rangi mbili: moja imeng'aa, nyingine imefifia. Mwili wa komba ukishonwa kwa kufuata manyoya yanavyolala, kutoka puani kurudi kwenye paji, kutoka paji kwenda shingoni, kisha ubavuni kuteremka tumboni, uzi mmoja wa mdalasini utatoa vivuli ambavyo mtu angedhani ni vya nyuzi tatu. Ukishonwa wote upande mmoja, utatoa kile kidoa cha kahawia.

Kabla ya uzi, kitambaa. Bagamoyo inazijua nguo tatu za msingi tangu zama za misafara, pale marekani na kaniki zilipobebwa na wapagazi kwenda bara na kutumika badala ya fedha. Bafta nyeupe ni laini, inapokea mshono mwembamba, na rangi iliyopauka hupotea juu yake: tumbo la komba likishonwa kwa rangi ya maziwa kwenye bafta halionekani mpaka lizungushiwe mstari. Marekani isiyopaushwa ina umanjano wake wa asili, nayo humpa komba joto bila gharama ya uzi wa ziada. Kwa mnyama wa kahawia ndiyo chaguo bora. Kaniki, au kitambaa chochote cheusi au cha samawati iliyokolea, hubadilisha hesabu yote. Juu yake rangi zilizopauka ndizo zinazosema, na komba anakuwa mnyama wa usiku kama alivyo. Kazi ya namna hiyo huchosha macho, lakini matokeo yake ni mazuri kuliko yote.

Dukani ndiko makosa mengi yanakoanzia. Mnunuzi anaona ukuta wa rangi na kuchukua zile zinazopendeza moja moja. Kampuni ya Kifaransa ya DMC, iliyoanzia mjini Mulhouse mwaka 1746, peke yake ina rangi 500 za uzi wa pamba wa kudarizi, kila moja na namba yake. Komba hahitaji zaidi ya sita. Tatu ziwe za ukoo mmoja: mdalasini ya katikati, maji ya kunde kwa sehemu zenye mwanga, na ugoro kwa sehemu za kivuli. Ya nne ni rangi ya maziwa, kwa tumbo na ule mstari unaoshuka katikati ya macho hadi puani. Ya tano ni kaharabu ya macho. Ya sita ni nyeusi, na itumike kidogo sana. Nyuzi hizo zitolewe nje ya duka zitazamwe juani, maana taa za dukani hudanganya. Rangi mbili zilizoonekana pacha ndani hutengana mara tu zinapopata mwanga wa mchana.

Kipimo kingine kiko mfukoni. Nyuzi zipangwe kando kwa kando, zipigwe picha kwa simu, kisha picha ifanywe nyeusi na nyeupe. Mdalasini na maji ya kunde zikitoka kijivu kimoja, moja ibadilishwe, hata kama kwa rangi zinatofautiana. Jicho humtambua mnyama kwa tofauti ya weupe na weusi kabla ya kutambua rangi yake.

Kuna shule inayopinga maelezo haya, na ni ya nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya mbao za kubandika. Wanyama wake na wa wanafunzi waliomfuata hawana manyoya yanayofuata mwelekeo. Wana rangi bapa, mstari mkali unaowazunguka, na vidoa vinavyorudiwa kwa mpangilio. Chui anaweza kuwa wa buluu na hakuna anayelalamika, kwa kuwa umbo limeshika. Mtindo huo unaingia kwenye uzi vizuri sana ukitafsiriwa kwa mishono inayoufaa: mshono wa mnyororo kwa kujaza, safu kwa safu, mshono wa kurudi nyuma kwa mstari wa nje, na mafundo kwa vidoa. Kinachoharibu ni kuchanganya. Mwili wenye vivuli vya manyoya ukizungushiwa mstari mnene mweusi wa tingatinga, kila kimoja humuua mwenzake. Mdarizi achague njia moja mapema.

Uhuru wa rangi una ushahidi wa kale zaidi. Kitambaa cha Bayeux, nchini Ufaransa, kilichodariziwa karne ya 11 kwa sufu juu ya kitani, kina urefu wa karibu mita 70 na farasi wengi mno. Waliokishona walikuwa na rangi kama kumi, zilizotokana na mimea mitatu tu ya kutengenezea rangi. Hawakuwa na namna ya kuonyesha kivuli, wakabuni nyingine: farasi wa samawati ana miguu miwili ya karibu ya samawati, na miwili ya upande wa pili ya rangi tofauti. Anayetazama haulizi kwa nini. Anaona miguu gani iko mbele na gani iko nyuma, na farasi anakimbia. Komba anayeruka kutoka tawi hadi tawi ana shida hiyohiyo ya miguu minne iliyopishana, na jibu la Bayeux linamfaa: miguu ya karibu ishonwe mdalasini, ya mbali ishonwe ugoro.

Macho sasa. Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama Konrad Lorenz, raia wa Austria, aliorodhesha sifa zinazomfanya mtu amwonee mnyama huruma kama amwoneavyo mtoto mchanga: kichwa kikubwa, paji lililotokeza, macho makubwa yaliyokaa chini ya katikati ya kichwa, mashavu ya mviringo. Komba anazo karibu zote kwa maumbile. Mchoro unaoyapandisha macho hadi nusu ya juu ya kichwa unamnyang'anya utoto huo, naye anageuka panya. Kwa hiyo, kabla ya kupitisha mchoro kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni, mstari wa katikati ya kichwa upigwe kwa penseli na macho yakae chini yake.

Jicho lishonwe kwa uzi mmoja mwembamba kati ya zile sita zinazosokotwa pamoja. Kaharabu ianze ukingoni kuelekea katikati, pande zote, ili mng'ao uzunguke. Mboni nyeusi ifuate. Halafu nukta ya mwanga: mshono mmoja mdogo mweupe, juu kidogo, upande uleule kwa macho yote mawili. Nukta moja ikikaa kulia na nyingine kushoto, komba atakuwa na makengeza. Ukingo wa nje wa jicho uzungushwe kwa ugoro badala ya nyeusi; nyeusi mbili zikikutana, mboni hupotea.

Kwa manyoya hakuna mshono unaoushinda ule wa mrefu na mfupi, ambapo safu ya kwanza hubadilisha urefu na safu inayofuata huingia katikati ya mianya. Wadarizi wa Suzhou, China, wameufikisha mbali kuliko wote. Paka wao wa hariri wanashonwa kwa nyuzi zilizogawanywa tena na tena hadi hazishikiki vizuri kwa vidole vikavu. Mdarizi wa Bagamoyo hahitaji kufika huko. Nyuzi mbili nyembamba kwa mwili na moja kwa uso zinatosha, mradi safu ya pili itoboe ndani ya uzi wa safu ya kwanza, isiishie mpakani mwake. Mpaka ukionekana, manyoya yamegeuka vigae.

Masikio ya komba hayana manyoya mengi, kwa hiyo yasishonwe kama mwili. Mshono wa kujaza, uliolala sambamba na kubana, kwa waridi iliyofifia, unatoa ngozi laini. Mkia wa komba wa Rondo unaomba vitanzi vilivyoshonwa kwa kubana kisha vikakatwa na kuchambuliwa kwa ncha ya sindano, navyo vinapendeza sana kwenye fremu ya ukutani. Kwenye foronya visiwekwe. Foronya inalaliwa, inafuliwa kila wiki, inafikichwa. Vitanzi vitang'oka, na hata mshono wa kujaza ukizidi sentimita moja utanaswa na kucha au hereni. Komba wa foronya akae pembeni, karibu na pindo, akishonwa kwa mishono mifupi.

Unyevu wa pwani na maji ya chumvi ya visima vingine huipima rangi kuliko fundi yeyote. Nyekundu, damu ya mzee na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi. Kila uzi mpya ulowekwe kidogo, ubanwe ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa na uachwe ukauke. Ukiacha alama, usiwekwe karibu na rangi ya maziwa. Kazi iliyokamilika ianikwe kivulini, ndani nje.

Akishamalizika komba, yupo wa kumpima fundi zaidi. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, anaishi misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya, Zaraninge ikiwemo. Sange wa huku ana kichwa na mabega ya rangi ya chungwa iliyoungua, inayokolea mgongoni kuwa damu ya mzee na kuishia nyeusi kabisa nyuma. Kisayansi ni ndugu wa karibu zaidi wa tembo kuliko panya anayefanana naye. Kumdarizi ni kuivusha chungwa hadi nyeusi bila mpaka kuonekana, kwa nyuzi tano za ukoo mmoja, mshono mrefu na mfupi mwili mzima, kila safu ikibeba uzi mmoja wa rangi inayofuata.

Ruwaza nyingi zinazozunguka mitaani na simuni ni za paka, sungura na dubu. Wanaodarizi Bagamoyo, na wanaofundisha ushonaji shuleni na vyuoni, wamweke sange kwenye fremu. Wageni wanaokuja kila mwaka kwenye tamasha la TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, wanaweza kumpata sungura popote duniani. Sange wa chungwa na nyeusi watampata huku tu.