Baridi Kwanza, Moto Baadaye: Jinsi Krosanti na Kokteli Zinavyopatikana Goma

Goma haijawahi kupungukiwa na moto. Volkano ya Nyiragongo iko juu ya kichwa chake, makaa yanashuka mjini kila alfajiri, na kuanzia Birere hadi Ndosho hukosi mama anayekaanga mandazi kabla jua halijachomoza. Kinachokosekana ni baridi. Anayetafuta krosanti nzuri, au baa ndogo ya mtaani yenye kokteli ya maana, kwa kweli anatafuta nyumba iliyoweza kutunza baridi usiku kucha. Ukilishika hilo, bahati inapungua na hesabu inaanza.

Majina makubwa hayahitaji hesabu. Mgeni akiuliza mkate na kahawa atatajiwa Au Bon Pain. Akiuliza kinywaji kando ya ziwa ataelekezwa Le Chalet au Serena. Swali gumu ni la mkazi wa Katindo, Himbi au Kyeshero anayetaka sehemu ya kwenda kwa miguu, ndogo, yenye watu wanaojuana. Hizo hazina bango. Wanaozipata wana mbinu, na mbinu yenyewe inafaa kuchambuliwa.

Tanuri halina kosa

Tuanze na krosanti yenyewe. Unga uliokandwa unafungiwa siagi ndani, unasukumwa, kisha unakunjwa sehemu tatu. Kazi hiyo inarudiwa mara tatu, na tatu kwa tatu kwa tatu ni tabaka 27 za siagi. Ndani ya tanuri, maji yaliyomo kwenye siagi na unga yanageuka mvuke, na mvuke unazitenganisha tabaka hizo. Ndiyo maana krosanti iliyotengenezwa vizuri, ukiikata katikati, inaonyesha vyumba vyumba kama sega la nyuki.

Masharti yake ni siagi iwe ngumu kiasi cha kupindika bila kuvunjika, karibu nyuzi 13 hadi 16. Ikiwa baridi mno inakatika vipande. Ikilainika inazama kwenye unga, na kitakachotoka ni mkate wenye mafuta. Kati ya mkunjo na mkunjo unga hupumzishwa kwenye friji. Krosanti zikishakunjwa umbo jioni, hulala kwenye baridi hadi alfajiri, ndipo zinaachwa ziumuke taratibu mahali pasipozidi nyuzi 27 hivi. Siagi ikiyeyuka saa hiyo, kazi yote ya usiku imekwenda na maji.

Hapa Goma ina neema ambayo Mombasa na Dar es Salaam hazina. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na wastani wa joto lake ni kama nyuzi 20. Mwokaji wa pwani anapambana na chumba cha nyuzi 30 na zaidi. Wa Goma, meza yake yenyewe iko upande wake. Lakini mwinuko huohuo una gharama. Hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 16 kuliko pwani, kwa hiyo unga unaumuka haraka, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Anayefuata maelekezo ya Brussels neno kwa neno atapata unga uliovimba kupita kiasi na kunywea tanurini. Dawa yake ni kupunguza hamira na kurefusha muda wa friji. Njia zote zinarudi kwenye baridi.

Ndiyo maana mji unaweza kuwa na mikate mizuri kila kona na krosanti nzuri pachache. Bulanjeri ya kuni au makaa inaoka mkate bila shida yoyote, na moto wake ungeweza kuoka krosanti pia. Kuni hazina uwezo wa kuigandisha siagi saa nane za usiku.

Fuata waya

Kwa hiyo swali la krosanti linakuwa swali la umeme. Kwa miaka mingi Goma ilitegemea SNEL, inayoleta umeme wa mto Ruzizi kutoka upande wa Bukavu, na wenye friji walizoea kulala bila kujua zitaamka vipi. Desemba 2015 kituo cha Matebe huko Rutshuru, cha megawati 13, kilizinduliwa chini ya mpango wa Hifadhi ya Virunga, na nyaya za Virunga Energies zikashuka kuelekea mjini. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 huko Ndosho. Kampuni ya SOCODEE nayo ikaanza kusambaza umeme. Matokeo yake, mitaa miwili inayopakana inaweza kuwa na umeme wa kampuni tofauti, wenye tabia tofauti kabisa.

Mwenye mbinu husoma nyaya kabla ya kusoma menyu. Akifika mtaa asioujua huuliza swali dogo kwa muuza vocha au kinyozi: hapa mnatumia umeme wa nani, na jana usiku ulikatika? Kinyozi hajibu kwa kubahatisha. Mashine yake ikizima katikati ya kichwa cha mtu, anakumbuka. Mtaa wenye umeme uliotulia wiki nzima unastahili kutafutwa bulanjeri ya krosanti. Mtaa ambao jenereta zinaunguruma tangu magharibi una mikate, na pengine nyama choma nzuri sana, lakini krosanti yake itakuwa imesafirishwa kutoka kwingine.

Jenereta lenyewe halimtoi mtu kwenye orodha. Mwokaji mwenye jenereta anaweza kuvuka usiku mbaya. Ila mafuta ni ghali, na gharama hiyo huangukia siagi: anabadili na kutumia Blue Band. Hilo unaligundua mdomoni. Margarini huyeyuka kwa joto la juu kuliko siagi, kwa hiyo ni rahisi kuikunja, na krosanti inapendeza kwa macho. Ukishameza, utando wa mafuta unabaki kwenye kaakaa. Siagi haibaki.

Barafu haifichi kitu

Baa ya kokteli na bulanjeri ya krosanti zinatumikia watu tofauti saa tofauti, lakini zinaugua ugonjwa mmoja. Nganda ya kawaida, yaani baa ya bia, inaweza kuishi popote, kwa sababu bia inauzwa hata bila friji. Wateja wengi wa Kivu huagiza Primus au Mützig isiyopozwa, na hawaoni upungufu. Kokteli haina njia hiyo ya mkato. Barafu inapoza kinywaji, na papo hapo inakiongezea maji. Kipande kikubwa, kikavu, kinayeyuka polepole na kuongeza maji kidogo. Vipande vidogo vilivyoanza kulowa vinamwaga maji glasini kabla mteja hajafika nusu.

Kaa karibu na kaunta umwangalie mhudumu anapofungua friji. Akichota vipande vikatoka kimoja kimoja na kugongana kwa mlio mkavu, friji hiyo haikuzimika usiku. Akitoa bonge moja na kuanza kulipiga kwa mpini wa kisu, umeme ulikatika, barafu ikaanza kuyeyuka, umeme ukarudi, vipande vikashikana. Katika sekunde kumi umesoma historia ya usiku mzima bila kumuuliza mtu.

La pili ni maji. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano na maji yake mengi yanatoka Ziwa Kivu. Ziwa hilo lina madini mengi yaliyoyeyuka, na maji yake yana ukali wa magadi kiasi. Barafu yoyote ya kawaida ina weupe katikati kwa sababu ya hewa iliyonaswa; ya maji ya ziwa yasiyochujwa huwa na ladha pia, na ladha hiyo inazima ndimu. Tena kipindupindu si mgeni Goma, na kugandisha maji hakuui vijidudu vyote. Kwa hiyo kuuliza barafu imetoka kwenye maji gani ni haki ya mteja. Mhudumu anayejibu bila kusita, akakuonyesha chupa au chujio, ameshajiuliza mwenyewe. Anayekasirika, mwagizie soda iliyofungwa.

Baa ikipita mitihani hiyo miwili, mengine ni ladha ya mtu. Marakuja ya Kivu ina uchachu wa kutosha kusimama mbele ya romu, tangawizi mbichi inapatikana sokoni Virunga, na hakuna sababu ya kinywaji kuanzia kwenye sharubati ya chupa. Baa inayokamua tunda mbele yako mara nyingi ndiyo inayotunza barafu yake.

Kutafuta kwa kurudi nyuma

Goma anwani hutolewa kwa makutano: Signers, Instigo, Afia Bora, Mutinga, Terminus, Entrée Président. Ramani ya simu inakusaidia kufika kwenye makutano hayo, baada ya hapo umebaki na watu. Wanaojua kutafuta hawaanzi kwenye bulanjeri. Wanaanza kwenye kiosk. Asubuhi na mapema pikipiki zinapita na makasha ya mikate, zikiacha kumi hapa, ishirini pale. Kiosk kikiwa na krosanti, mwuzaji anajua ilikotoka na ilifika saa ngapi. Unarudi nyuma, kiosk kwa kiosk, hadi mlangoni pa mwokaji. Kadiri unavyokaribia, krosanti inakuwa na joto na bei inashuka.

Swali la kawaida pale kiosk ni moja:

— Mama, hii ni ya leo?

— Ya leo, papa. Ya jana iliisha jana.

Jibu hilo lina thamani kuliko sifa yoyote. Bulanjeri ambayo bidhaa yake haibaki imeshapigiwa kura na majirani. Likitoka jibu la "ni nzuri tu, chukua", chukua mkate.

Kwa baa, kurudi nyuma kunafuata saa. Goma iliwekwa chini ya hali ya dharura Mei 2021, na mara kadhaa wakuu walizuia pikipiki kufanya kazi usiku. Watu wamejifunza kunywa mapema. Baa ya mtaani inajaa saa kumi na moja jioni, si saa nne usiku, na wateja wake ni wale wanaoweza kurudi nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo mtafute mtu anayekaa mtaa huo, umuulize anapopita akitoka kazini. Sehemu inayotegemea wapita njia wa usiku mrefu haitadumu. Ile ya majirani, nyuma ya ukuta wa mawe meusi, yenye meza nne, inadumu.

Miaka iliyopima kila kitu

Mbinu yoyote hupimwa na siku mbaya, na Goma imezipata kwa wingi. Volkano ya Mei 2021 ilikata umeme na maji. Juni 2022 Bunagana iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na njia ya bidhaa kutoka Uganda ikabadilika. Februari 2024 barabara ya Sake ilifungwa na mapigano, na hiyo ndiyo njia ya maziwa na jibini za Masisi. Waya wa Matebe nao ulipita maeneo ya vita. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wenyewe ulichukuliwa na M23. Umeme na maji vikakatika siku kadhaa, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na wafanyakazi wengi wa mashirika ya kigeni wakaondoka.

Kwa aliyekuwa akitafuta krosanti kwa kufuata magari ya mashirika, mchezo uliishia hapo. Tangu wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma Julai 1994, biashara nyingi za starehe zilijengwa juu ya mishahara ya wageni. Mteja huyo alipoondoka, ilibaki hesabu ya waya, barafu na kiosk, kwa sababu hiyo ilikuwa ikihesabu wakazi tangu mwanzo. Mfanyabiashara wa Birere bado anataka kitu kizuri na chai yake Jumapili, na arusi bado zinahitaji keki. Fedha taslimu zikiadimika, mwokaji anapunguza idadi. Akipunguza idadi bila kugusa siagi, ameamua kulinda jina. Akiendelea kuoka zilezile mia kwa margarini, ameamua kulinda mauzo. Maamuzi yote mawili yanaeleweka, ila wa kwanza ndiye wa kuandikia jina lake kwenye daftari.

Hivyo kanuni ya kufunga utafutaji ni hii: usiihukumu nyumba kwa siku yake bora. Nenda kesho yake baada ya usiku wa giza. Baa itakayokuambia leo hakuna kokteli, kuna bia tu, na bulanjeri itakayokuuzia mkate huku ikikataa kukuuzia krosanti iliyolala vibaya, hizo mbili zinajua kazi yao. Rudi kwao umeme ukitulia, na umlete jirani.