Wanasali au Wana Kiu? Steinbeck na Mbawakawa Walioinua Makalio

Sura ya sita ya Cannery Row, riwaya ya John Steinbeck iliyotoka mwaka 1945, ina mazungumzo mafupi ambayo wapenzi wa kitabu hicho huyasimulia kama kichekesho. Doc na Hazel wako kwenye madimbwi ya miambani huko Monterey, California, wakikusanya viumbe vya baharini. Hazel ni mtu wa kuuliza maswali si kwa sababu anataka majibu, bali kwa sababu anapenda maongezi yaendelee. Anawaona wadudu weusi wameinua makalio juu. Anauliza, kwa nini? Doc anamwambia amewatafuta vitabuni: ni wadudu wa kawaida kabisa, na tabia hiyo ni ya kawaida kwao, lakini hakuna kitabu hata kimoja kilichoitaja. Kisha anatoa lake. Binadamu hatuna kipimo kingine ila nafsi zetu, na sisi tungefanya jambo la ajabu kiasi hicho, pengine tungekuwa tunasali. Basi labda nao wanasali.

Watu hucheka, wanafungua ukurasa unaofuata. Mimi nasema hapo ndipo penye moyo wa riwaya, tena ndipo Steinbeck alipoteleza kidogo, na mteleze wenyewe unafundisha kuliko kicheko.

Kwanza tumjue mdudu. Jina analopewa na Hazel ni lile ambalo Waingereza na Wamarekani huwapa wadudu wanaonuka wa jamii ya kunguni, kwa hiyo mfasiri mwenye haraka ataandika kunguni na kazi imeharibika. Hao si kunguni. Ni mbawakawa wa jenasi ya Eleodes, wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, katika familia ya Tenebrionidae. Jina la familia linatokana na neno la Kilatini la giza, na wengi wao kweli ni weusi na wapenzi wa usiku. Ni familia kubwa mno: spishi zilizokwisha kuelezwa na wataalamu zimepita 20,000, kutoka misituni hadi majangwani, na hata jikoni kwako.

Ndiyo, jikoni. Yule mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyokolea nyekundu anayekimbia kwenye chekeche ukichekecha unga uliokaa muda mrefu, mara nyingi ni Tribolium castaneum, ndugu wa ukoo mmoja na wale wa Monterey. Na ile harufu kali ya unga ulioingiliwa, ile inayokufanya uutupe wote, hutokana na kemikali ziitwazo kwinoni ambazo mdudu huyo huzitoa mwilini kwa kujihami. Shika hapo kwenye kwinoni.

Kwa sababu jibu la swali la Hazel ni hilo hilo. Eleodes akitishwa huinamisha kichwa, huinua makalio, na akizidi kusumbuliwa hutoa majimaji yenye kwinoni yanayonuka na kuwasha. Mkao ule ni onyo: sogea uone. Thomas Eisner, aliyetumia maisha yake kuchunguza silaha za kemikali za wadudu, ameeleza panya mmoja wa jangwani wa huko huko Marekani aliyeipatia dawa silaha hiyo. Panya humkamata mbawakawa, humchomeka mchangani makalio yakiwa chini, majimaji yote yanaishia kwenye mchanga, halafu anamla kuanzia kichwani. Vinabaki vipande vya nyuma tu vimesimama mchangani. Na wapo mbawakawa wengine wasio na dawa yoyote ambao nao huinua makalio, wakila jasho la wenzao.

Sasa, Doc anaposema hakuna kitabu kilichoeleza, hasemi kweli. Simaanishi anadanganya, namaanisha kwamba nje ya riwaya, wataalamu wa wadudu walikwisha kuandika kuhusu majimaji ya kujihami ya Eleodes tangu karne ya 19. Mtu aliyekuwa kielelezo cha Doc, Ed Ricketts, alikuwa mtaalamu wa viumbe wa pwani, si wa mbawakawa, na inawezekana kabisa Steinbeck aliitaka pengo hilo kwa ajili ya hadithi. Mchekeshaji anahitaji kimya cha vitabu ili neno la sala liingie.

Je, hilo linaiharibu sura? Kwangu haliiharibu, na sababu ni moja: Doc anatuonyesha rula anayopimia. Anasema wazi kwamba anajipima mwenyewe, ndipo anampachika mdudu sala. Msomaji anaachiwa nafasi ya kukataa. Huo ni uungwana ambao sijauona sana kwenye hadithi ya pili ya mbawakawa wa familia hii, ambayo wengi wenu mmekutana nayo hata kama Cannery Row hamjaigusa. Yule wa Namib anayekunywa ukungu.

Hadithi hiyo mnaijua. Jangwa la Namib hupata mvua kidogo sana. Gobabeb, kando ya mto Kuiseb, wastani wake ni chini ya milimita 50 kwa mwaka. Lakini ukungu hutoka baharini na kuingia bara. Alfajiri mbawakawa hupanda kilele cha tuta la mchanga, huinamisha kichwa, huinua makalio, ukungu unamgandia mgongoni, matone yanatelemka hadi mdomoni. Mkao ni ule ule wa Monterey, na safari hii ni kiu. Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, neno linakuja lenyewe: amesujudu. Doc alisema sala kwa ujumla. Lugha yetu inakupa hadi umbo la mwili.

Tabia hiyo ilielezwa mwaka 1976 na William Hamilton na Mary Seely, na mbawakawa wao alikuwa na jina: Onymacris unguicularis. Kwa wastani alikuwa akiongeza uzito wake kwa takriban asilimia 12 kwa kunywa asubuhi moja, na mmoja alifika asilimia 34. Hiyo ni kazi ya watu waliokaa na mdudu. Kituo cha Gobabeb chenyewe kilianzishwa na mtaalamu wa familia hii, Charles Koch, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Seely aliendesha utafiti pale kwa miaka mingi.

Kisha mwaka 2001 ikatoka makala nyingine maarufu ya Andrew Parker na Chris Lawrence. Wao walieleza mgongo wenye vinundu: vilele vinavyovuta maji, mabonde yenye nta yanayoyafukuza. Ubunifu mtupu! Wahandisi wakafurahi, zikaja nyavu, mahema na chupa za kujijaza zenyewe, na tangu hapo kila msimulizi anamchukua mbawakawa mwenye vinundu na kumpandisha kwenye tuta kusujudu. Tatizo ni kwamba watafiti wa Namib walipinga: mdudu yule alitambuliwa vibaya, na tabia ya kusimama kwenye ukungu si yake. Mwaka 2010 Thomas Nørgaard na Marie Dacke wakawapima spishi nne pamoja, wakiwamo wenye vinundu. Aliyesimama kichwa chini kwenye ukungu alikuwa mmoja tu, Onymacris unguicularis, na mgongo wake hauna vinundu vile; ni laini, wenye mifereji. Na walipowekwa wote kwenye ukungu kwa mkao ule, vinundu havikumpa mtu faida ya kukusanya maji.

Yaani msimulizi amechukua mgongo wa mmoja, amechukua sala ya mwingine, amemuumba wa tatu ambaye hayupo jangwani. Na anamwita tu "mbawakawa wa Namib", kana kwamba yuko mmoja. Hapa ndipo ninapogomba. Mwandishi wa riwaya aliyesema labda wanasali ametuacha na mdudu halisi mbele yetu, asiyeelezeka. Wale wanaojiita wa ukweli ndio waliotuondolea mdudu.

Na hasara si ya jina tu. Ukishampata huyo mmoja wa kubuni, huwaoni tena wengine. Huwaoni Lepidochora, mviringo kama sahani, wanaochimba vijifereji kwenye mchanga kukingama upepo wa ukungu, kisha wanafyonza unyevu kwenye kingo. Kiu ile ile, lakini huyu amejenga. Humwoni Onymacris plana anayekimbia juu ya mchanga wa moto. Huwasikii wale wa kusini mwa Afrika wanaogonga ardhi kwa tumbo kumwita mwenza, hadi Makaburu wakawapa jina la mlio, toktokkie. Wengi wao mabawa yao ya juu yameungana, hawaruki kabisa, na nafasi iliyo chini yake huwasaidia kutunza maji mwilini. Hula mabaki makavu yanayoletwa na upepo. Mwandishi mwenye jicho angepata riwaya nzima hapo bila kubuni kinundu kimoja.

Nikipewa Cannery Row niitafsiri, pale kwenye swali la Hazel nitaandika mbawakawa, si kunguni, na kwenye jibu la Doc nitaandika wanasujudu. Tanbihi kuhusu kwinoni sitaweka. Hazel hakuuliza ili ajibiwe.