Mwewe wa Buzuruga Hakutoka Ulaya

Yule mwewe aliyepigwa picha kwenye nguzo ya Buzuruga, Mwanza, wakati wa hesabu ya ndege ni kinda wa hapa hapa, na kumwandika orodhani kuwa mgeni wa Ulaya ni kosa la wazi. Picha tumeiona sote. Mdomo mweusi, ndiyo, na wahesabuji wakaishia hapo. Walisahau kwamba mwewe wetu haanzi maisha na mdomo wa njano: kinda hukaa miezi akiwa na mdomo mweusi, njano ikiwa kwenye ngozi ya puani tu, sawasawa na mgeni. Kwa ndege wa umri huo mdomo hauamui kitu.

Sasa tazameni bawa. Manyoya yanayofunika bega yana ncha za rangi ya mchanga, na kifuani kuna michirizi ya rangi hiyo hiyo. Hizo ni nguo za utoto. Mwewe mzima wa Ulaya hana ncha hizo. Kichwa chake ni cha kijivu kilichofifia, chenye michirizi myembamba, na jicho limepauka. Huyu wa Buzuruga kichwa chake ni kahawia kama mgongo. Basi awe kinda wa Ulaya? Lingeonekana doa jeusi nyuma ya jicho, juu ya kichwa kilichopauka. Halipo. Utetezi wao wa pili, kwamba panda ya mkia ni fupi, umenikera zaidi, maana makinda wa aina zote mbili wana panda fupi kuliko wazazi wao.

Ilikuwa Januari, najua, na miezi hiyo wageni wapo kweli ziwani. Ndiyo maana ilitakiwa kutazama mara mbili.



Nimelisema sana na sitaacha: kamera zimetufanya wavivu. Mtu anapiga picha moja dhidi ya jua, anakuza mdomo, anatoa jina. Leslie Brown alikuwa bwana shamba tu kule Kenya, lakini alifuatilia jozi zile zile za tai kwenye kilima kimoja Embu mwaka hadi mwaka, ndipo akaandika na Dean Amadon kitabu kikubwa cha 1968 kuhusu tai na jamaa zao. Umri wa ndege kwanza, jina baadaye.

Wataalamu bado wanabishana kama mwewe hawa ni spishi moja au mbili, na rekodi za Mwanza zinaingia kwenye ubishi huo. Mstari wa ndege huyu orodhani uandikwe upya: mwewe mdomo-njano, kinda.