Sarufi ya Amri na Mpaka wa Neno: Uhakiki wa Kihariri Matini Vim katika Kazi za Kila Siku

Watetezi wa Vim hudai kwamba kihariri matini hicho, kinachoendeshwa hasa kwa kibodi, hakimpi mtumiaji orodha ya vitufe vya kukariri bali humpa lugha. Dai hili lina mashiko. Amri hujengwa kwa kitenzi na yambwa: d hufuta, c hubadili, y hunakili, iw ni neno, ip ni aya, i( ni kilichomo ndani ya mabano. Kwa hiyo diw hufuta neno na dip hufuta aya. Anayejua vitenzi vitatu na yambwa tatu ana amri tisa, na nyingi kati ya hizo hakuna aliyemfundisha. Nguvu ya mfumo huo huonekana katika tatizo dogo la kila siku: jina la kigeu limejitokeza mara kumi na mbili, lakini ni mara saba tu linapaswa kubadilishwa. Mwandishi wa programu hulitafuta, hubadili la kwanza kwa cgn, kisha husogea kwa n na kuamua kila mahali ama kubonyeza nukta, inayorudia badiliko la mwisho, ama kupita. Uamuzi hubaki kwa binadamu. Uchovu huachiwa mashine.

Asili ya lugha hiyo, hata hivyo, ni ya mahali na wakati mahususi. Vitenzi vyake ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Vitufe h, j, k na l husogeza kielekezi kwa sababu Bill Joy, alipoandika vi huko Berkeley mwaka 1976, alitumia mashine ya ADM-3A iliyochorwa mishale juu ya vitufe hivyo. Bram Moolenaar aliurithi mpangilio huo alipotoa Vim mwaka 1991. Wahakiki wengi wameelekeza lawama kwenye modi, yaani kwamba kitufe kilekile huandika herufi katika hali moja na kufuta maneno katika hali nyingine. Larry Tesler alizipinga modi kwa miaka mingi. Lawama hiyo ni ya haki, ila mazoea ya majuma machache huimaliza. Udhaifu usiomalizwa na mazoea umo katika yambwa.

Kwa Vim, neno ni mfuatano wa herufi, tarakimu na kistari cha chini. Ritifaa haimo. Kielekezi kikiwa juu ya n ya “ng'ombe”, diw hufuta “ng” na kuacha “'ombe”. Kitufe cha nyota, kinachotafuta neno lililo chini ya kielekezi, hukusanya “ng'aa”, “ng'oa” na “ng'ambo” kana kwamba zote ni neno moja. Madhara makubwa zaidi ni yale yasiyoonekana. Amri :%s/\<oa\>/olewa/g, iliyokusudiwa kugusa “oa” pekee, hugeuza pia “ng'oa” kuwa “ng'olewa”. Tokeo hilo ni neno sahihi la Kiswahili lenye maana iliyopinduliwa, wala hakuna kikagua tahajia kitakacholikamata. Inashangaza kidogo kwamba haya yamo katika programu ambayo skrini yake ya mwanzo huomba msaada kwa watoto wa Uganda, nchi ambayo Kiganda nacho huandikwa mara nyingi kwa ng' yenye ritifaa.

Suluhisho linalopendekezwa kwa kawaida ni diW, inayohesabu kila kilicho kati ya nafasi mbili kuwa neno. Lakini “ng'ombe,” hufutwa pamoja na mkato wake. Suluhisho bora ni :setlocal iskeyword+=', linaloingiza ritifaa katika herufi za neno kwa faili moja tu. Kwa riwaya, barua au tasnifu, hilo linatosha kabisa. Kwa msimbo wa Python halitoshi: humo ritifaa pia hufungua na kufunga matini, hivyo diw juu ya 'jina' hufuta neno pamoja na alama zake. Faili la programu lenye ujumbe wa Kiswahili ndani yake halina mpangilio mmoja unaolifaa lote, na mhariri wake hulazimika kuongeza c mwishoni mwa amri ya kubadili, ili aulizwe kabla ya kila badiliko.