Miti miliari moja, na ndoo ya maji iko wapi?

Bandugu, mu 2019, wakati wa Rais Tshisekedi, Leta ilitangaza mpango wa bustani za shule: miti miliari moja kufikia 2023. 2023 imepita. Huku Lubumbashi sisikii tena watu wakiuongelea. Mimi nauongelea, juu niko agronomu, na juu mpango unaofuata utaanguka palepale kama hatuambiane ukweli.

Tuanze na hesabu. Ukipanda mita tatu kwa mita tatu, hekitari moja inachukua miti 1 111. Miliari inaomba basi hekitari 900 000 hivi. Shule gani ziko na uwanja wa namna hiyo? Nyingi ziko paka na kiwanja cha mpira, na hicho nacho mara ingine kimekatwa vipande na kuuzishwa. Gawa kwa miaka minne: miti karibu 685 000 kila siku, siku ya yenga nayo ndani! Lakini Katanga hatupandi kila siku. Mvua inaanza mwezi wa 11, inaisha mwezi wa 4, kisha ni kiangazi miezi sita na moto wa pori.

Wazo la kupeleka mti ku shule ni zuri, sina ubishi. Ila Leta ilichagua kuhesabu miti iliyopandwa. Mu shule moja nilipopita, batoto walipanda mwisho wa mwezi wa 3; picha zikapigwa, hotuba ikasomwa. Wakati wa vakansi nani anabaki na ndoo? Sentineli hakupewa hata franka moja ya ile kazi. Mche unaomba maji na palizi kiangazi cha kwanza, hata cha pili, na hapo hakuna mpiga picha.

Angalieni Mampu, ku plateau ya Bateke, mashariki ya Kinshasa. Kule walipanda akasia hekitari karibu 8 000, kisha wakagawia mafamilia mashamba ya hekitari 25. Familia inakata, inachoma makala, inapanda muhogo na mahindi mu udongo uleule, na akasia inaota tena juu moto unaamsha mbegu zilizolala chini. Ile akasia ilitoka mbali, siyo mti wa kwetu, najua wenye kusoma biolojia watanigombeza. Lakini kila mti uko na mwenyewe, na mwenyewe anapata kitu.

Sheria ya kufanya vile iko tayari. Dekre 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa 8, 2014, inaruhusu jamii ya kijiji kupewa pori lake, mpaka hekitari 50 000, bila kulipia na bila mwisho wa muda. Vijiji vingapi vinavyotuletea makala vinaijua hiyo karatasi? Baba wa kinga anakata miombo isiyokuwa na mwenyewe: asipokata leo, mwingine atakata kesho. Mpe miche ya bure bila kumpa pori, ataipokea kwa heshima, kisha ataenda kukata mbele zaidi.

Wenye muko mu biro za Mazingira, ao munafanya staji ku teritwari, ongezeni mu ripoti safu mbili tu: miti iliyo hai kiisha kiangazi cha pili, na jina la mwenyewe.